Majina ya picha yamo kwenye diski, lakini picha zenyewe hazifunguki

SWALI

Maalim wetu, asalamu alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Mimi ni mwanamke mpiga picha, nakaa Wete, Pemba, na kazi yangu kubwa ni harusi. Ndugu yangu mdogo wa kiume hupiga picha za upande wa wanaume, yaani ndoa msikitini na bwana harusi anapopelekwa, na mimi huingia ndani kwa wanawake, siku ya singo, siku ya hina na jioni biharusi anapotolewa. Humo ndani watu huvua mabuibui yao kwa sababu wanajua aliyeshika kamera ni mwanamke mwenzao, na mara nyingi wenye shughuli huzuia simu mlangoni. Kwa hivyo picha za ndani ninazo mimi peke yangu, na zikipotea hakuna mgeni ninayeweza kumwomba za kwake.

Laptopu yangu ni ya zamani kidogo, inatumia Windows 10, na diski yake ya ndani ya gigabaiti 500 ilijaa hadi kompyuta ikawa inasuasua. Nilipokwenda Unguja kwa shughuli za kifamilia nilinunua diski ya nje katika duka moja la mjini. Ni ndogo na nyepesi, imeandikwa terabaiti 2, na bei yake ilikuwa chini ya bei ya diski ya gigabaiti 500 niliyoiona duka la jirani. Kijana wa dukani aliifomati mbele yangu, akasema amefanya hivyo ili isomeke hata kwenye televisheni. Niliporudi Pemba nilitengeneza kwanza folda zote, folda moja kwa kila harusi, kisha nikaanza kuhamisha picha, harusi baada ya harusi, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri.

Halafu matatizo yakaanza kuingia kidogo kidogo. Video moja niliyokwisha kuihariri, yenye ukubwa wa gigabaiti 6 na kitu, ilikataa kabisa kuingia. Kompyuta iliandika kwamba faili ni kubwa mno kwa diski hiyo, ilhali diski yenyewe inaonyesha kuwa ina nafasi ya zaidi ya terabaiti 1. Kunakili nako huanza kwa kasi, kisha kasi hushuka, mstari wa kijani husimama, na wakati mwengine diski hutoweka kwenye skrini na kurudi yenyewe, huku kompyuta ikitoa ule mlio wa kuchomoa na kuchomeka kitu. Hayo nilikuwa nayavumilia.

Lililonikosesha usingizi ni jengine. Mama wa biharusi mmoja alikuja kutaka picha za siku ya hina, na nilipoifungua folda ile kwenye diski nilikuta majina yote yapo na ukubwa wa kila picha unaonekana, lakini picha hazifunguki. Katika folda nzima, picha za mwanzo chache zinafunguka, kisha iko moja inayofunguka nusu: unaiona mikono ya biharusi yenye hina na piko hadi kwenye viganja, na kuanzia hapo kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Baada ya hiyo hakuna inayofunguka, wala katika harusi nilizozihamisha baadaye. Harusi nilizozihamisha kabla yake zote ni nzima. Nami folda hiyo, pamoja na nyengine kadhaa, nilikuwa nimeshazifuta kwenye laptopu ili nipate nafasi, na baadhi ya kadi za kamera nimeshazitumia tena.

Ndugu yangu anasema niifomati diski nianze upya. Fundi mmoja wa kompyuta amesema ni virusi, na anataka nimwachie laptopu na diski kwa siku kadhaa. Ni mtu mwema, lakini ni mwanamme, na siwezi kumkabidhi picha za wake na mabinti za watu wakiwa vichwa wazi. Naomba unieleze kama tatizo liko kwenye laptopu, kwenye waya au kwenye diski, kama picha zile zinaweza kupatikana, na nifanye nini ili jambo hili lisinifike tena.

Mpiga picha wa harusi, Wete

JIBU

Waalaykumu salamu warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Kabla ya maelezo yoyote, usiifomati diski hiyo, usinakili kitu kipya juu yake, na laptopu izime, usiifanyie kazi nyengine mpaka uwe umemaliza kusoma jibu hili. Kadi za kamera nazo zitoe kwenye kamera uziweke kando, hata zile ulizokwisha kuzitumia tena. Faili linapofutwa, kinachoondoka mwanzoni ni kumbukumbu ya mahali lilipo, na mara nyingi data yenyewe hubaki palepale hadi kitu chengine kiandikwe juu yake. Kwa hivyo kila picha mpya unayopiga na kila programu unayoisakinisha inaweza kukalia mahali pa picha za yule biharusi.

Umeeleza vizuri, na mambo mawili katika maelezo yako yamenisaidia kuliko mengine yote: kwamba harusi za mwanzo ni nzima na zilizofuata zote ni mbovu, na kwamba kati ya makundi hayo mawili iko picha moja iliyofunguka nusu. Waya mbovu au laptopu iliyochoka haichagui namna hiyo, bali ingeharibu picha hapa na pale, za mwanzo na za mwisho. Kinachokata mahali pamoja, na kuacha kila kilichotangulia kikiwa kizima, ni diski ambayo nafasi yake imekwisha huku yenyewe ikiendelea kusema kwamba nafasi bado ipo. Diski uliyouziwa, kwa dalili hizi, haina terabaiti 2.

Ziko diski za nje na flashi zinazouzwa sehemu nyingi duniani ambazo ndani yake mna chipu ndogo ya kumbukumbu, ya gigabaiti 32, 64 au 128, pamoja na kidhibiti kilichopangwa kuidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Windows huamini inachoambiwa na kidhibiti, na kwa sababu hiyo skrini inakuonyesha terabaiti zako 2 bila wasiwasi. Unapoanza kunakili, picha huingia kwenye chipu ya kweli na hufunguka siku zote. Chipu ikishajaa, kidhibiti huendelea kupokea data na kujibu kwamba imeandikwa, kumbe inatupwa, au katika diski nyengine za aina hii inaandikwa juu ya data iliyotangulia. Majina ya picha, tarehe na ukubwa wake huandikwa ndani ya folda, na wewe folda zote ulizitengeneza siku ya kwanza, kwa hivyo zimekaa sehemu ya mwanzo ya diski, iliyo ya kweli. Ungezitengeneza baadaye, pengine ungezikuta tupu au zimejaa herufi zisizosomeka, na tatizo ungeligundua mapema zaidi.

Ile picha ya mikono iangalie tena kwa makini, kwa kuwa ndiyo mpaka wenyewe. Picha ya JPEG ya kawaida ya kamera husomwa kuanzia juu kwenda chini, safu baada ya safu, na pale data inapokatika programu hujaza kijivu sehemu iliyobaki. Maana yake ni kwamba chipu ilijaa wakati picha hiyo ikiwa katikati ya kuandikwa, kwenye viganja. Ukijumlisha ukubwa wa folda zote ulizozihamisha kabla yake, pamoja na picha nzima zilizoitangulia ndani ya folda yake, na jumla ikawa karibu na gigabaiti 29, 59 au 119 kama Windows inavyohesabu, huo ndio ukubwa wa kweli wa diski yako, yaani 32, 64 au 128 kwa hesabu ya watengenezaji.

Liko jaribio jengine dogo ambalo halihitaji programu mpya. Chukua picha moja nzima na moja mbovu, na kila moja ifungue kwa Notepad, ile programu ya maandishi iliyomo ndani ya Windows, bila kuhifadhi chochote unapoifunga. Picha nzima itakuonyesha herufi za ajabu ajabu, lakini katika mstari wa mwanzo utaliona neno “Exif”, na karibu yake mara nyingi jina la kampuni iliyotengeneza kamera yako. Picha ambayo data yake ilitupwa itakuonyesha weupe mtupu, au takataka zisizo na neno hilo. Ukiona hivyo, tambua kwamba ndani ya diski hiyo hakuna cha kuokoa katika picha hiyo, na mtu yeyote atakayekuahidi kuitoa humo kwa malipo atakula fedha zako bure.

Kuhusu virusi, fundi wako hana nia mbaya, kwa sababu virusi vya flashi vimeenea sana kwetu, lakini dalili zake ni tofauti. Virusi hivyo huzificha folda na kuweka mahali pake vijifaili vya njia ya mkato vyenye ukubwa wa kilobaiti moja au mbili, wakati picha zenyewe zimefichwa tu na ziko salama. Havikati picha nusu na kuacha jina na ukubwa wake vile vile. Ukitaka kuwa na yakini kwamba laptopu haina kosa, ichomeke diski kwenye kompyuta ya mwanamke unayemwamini, kwa waya mwengine kama diski yako inaruhusu kubadilisha waya. Zikikataa picha zilezile, na ile ya mikono ikakatika palepale, laptopu na waya havihusiki na upotevu huu.

Sasa tuje kwenye kuziokoa. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni pipa la taka la Windows kwenye laptopu, kwa sababu folda iliyofutwa kwa njia ya kawaida kutoka diski ya ndani hupita huko kwanza, isipokuwa kama ilikuwa kubwa kupita kiasi cha pipa au ulilimwaga mwenyewe. Ukizikuta, usizirudishe mpaka uwe na diski nyengine ya kweli ya kuzinakilia.

Kwenye kadi za kamera ndiko ninakotumaini zaidi. Kamera nyingi zinapofomati kadi hufuta jedwali la majina tu, na data hukaa hadi picha mpya zifike mahali pake. Kama kadi ina gigabaiti 32 na tangu hapo umepiga shughuli ndogo ya gigabaiti 8, sehemu kubwa ya picha za zamani inaweza kuwa bado imo. Iko programu ya bure inayoitwa PhotoRec, ambayo haihitaji kusakinishwa: inapakuliwa kwenye kompyuta nyengine, inawekwa kwenye flashi na kuendeshwa kutoka hapo. Inasoma kadi nzima na kutafuta mianzo ya picha bila kutegemea jedwali lililofutwa. Itakuuliza iziweke wapi picha inazozipata, na hapo jibu lisiwe kamwe kadi ileile wala ile diski ya terabaiti 2, bali diski nyengine yenye nafasi. Majina ya asili yatakuwa yamepotea, lakini tarehe na saa ya kupigwa imeandikwa ndani ya kila picha, kwa hivyo utaweza kuzipanga tena kwa siku na kuijua ya hina na ya kutolewa. Picha hurudi vizuri kuliko video, kwa sababu video ndefu huweza kutawanyika vipande vipande.

Laptopu yenyewe inategemea aina ya diski iliyo ndani. Ikiwa ni diski ya kuzunguka ya zamani, PhotoRec inaweza kupata mengi, hasa kama hukuijaza tena baada ya kufuta. Ikiwa ni ya SSD, yaani ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani, Windows huiarifu diski mara faili linapofutwa, na diski husafisha mahali hapo yenyewe baada ya muda mfupi, kwa hivyo matumaini ni madogo sana. Kuijua aina yake, andika “defrag” kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, na programu itakayofunguka itakuonyesha aina ya kila diski.

Kutomwachia fundi diski hiyo ni uamuzi sahihi, na naomba ubaki nao. Watu wale walikukubalia uingie na kamera kwa sharti ambalo halina haja ya kuandikwa, na PhotoRec huiongeza amana hiyo, kwa sababu kutoka kadi moja inaweza kufufua picha za harusi nyengine za zamani ambazo wenyewe hata hawajui kwamba bado zipo. Skrini yake haina picha wala vitufe vya kubonyeza, ni maandishi na mishale ya kibodi tu, na inaweza kukutisha mwanzoni. Mwombe fundi akufundishe kwa kadi nyengine ambayo umeipigia picha za mikarafuu, uzifute mbele yake mkazirudishe pamoja, kisha kazi ya kweli uifanye mwenyewe nyumbani mlango ukiwa umefungwa.

Harusi zilizo nzima kwenye diski hiyo zitoe mapema, kwa kuwa chipu za diski za aina hii ni dhaifu na zinaweza kufa wakati wowote. Kwa kuwa diski yako hutoweka katikati ya kazi, usitegemee kunakili na kubandika kwa kawaida, ambako kukikatika hujui umefika wapi. Tumia robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tangu Windows Vista. Fungua dirisha la amri, yaani Command Prompt, uandike: robocopy E:\Harusi F:\Harusi /E /R:1 /W:1, ukibadilisha herufi na majina kulingana na diski zako. Ukiirudia baada ya diski kutoweka, huziruka faili zilizokwisha kunakiliwa na kuendelea na zilizobaki. Zile alama mbili za mwisho usiziache, kwa sababu bila hizo robocopy hujaribu faili moja lililokwama hadi mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Ile video iliyokataa kuingia ina sababu yake peke yake. Kijana wa dukani aliifomati diski kwa mfumo wa FAT32, ambao televisheni nyingi huusoma, na katika mfumo huo hakuna faili linaloweza kufika gigabaiti 4, hata diski iwe tupu. Huenda umewahi kuona kamera yenyewe, ikitumia kadi ya gigabaiti 32 au chini yake, ikiikata video ndefu vipande vya gigabaiti 4. Inakwepa ukuta huohuo. Diski yako mpya ifomati kwa NTFS kama kompyuta zako zote ni za Windows, kwa kuwa NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya mpangilio wa faili na hustahimili zaidi umeme unapokatika katikati ya kazi. Kama kuna anayetumia kompyuta ya Apple na anahitaji kuandika juu ya diski hiyo, chagua exFAT, ambayo zote mbili huiandika. Ya kuonyesha kwenye televisheni yawekee flashi yake, wala usiifanye hiyo kuwa sababu ya kuchagua mfumo wa diski ya hifadhi.

Kushuka kwa kasi na kutoweka kwa diski kunaweza kuwa ni kwa sababu ya chipu hiyohiyo dhaifu, lakini usipoangalia mambo mengine mawili unaweza kukutana na shida ileile kwenye diski nzuri. Tundu la USB 2.0 limewekewa kutoa miliampea 500 na la USB 3.0 miliampea 900, na diski ya kuzunguka inapoanza huhitaji nguvu nyingi kwa ghafla. Kwenye laptopu ya zamani, kwa waya mrefu au kupitia kigawanyio kisicho na umeme wake, itazimika na kuwaka. Tumia waya mfupi uliokuja na diski, uchomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Tundu lenyewe limulike kwa tochi ya simu: kwa hewa yetu ya chumvi, vile vibati vya ndani hufanya ukungu wa kijani au mweusi, na husafishwa kwa brashi laini na spiriti kidogo, laptopu ikiwa imezimwa kabisa. Na kama betri ya laptopu imekufa na unategemea chaja tu, usianze kuhamisha harusi nzima bila betri mpya au UPS, kile kifaa kinachoshikilia umeme kwa muda unapokatika.

Utakaponunua diski nyengine, usihukumu kwa wepesi wala kwa maandishi ya boksi. Diski halali ya terabaiti 2 huonekana kwenye Windows kama terabaiti 1.81, na ya terabaiti 1 kama gigabaiti 931, kwa sababu mtengenezaji na Windows hawahesabu sawa, na huo si udanganyifu. Bei iliyo chini kuliko ya diski ndogo zaidi ndiyo ya kutiliwa shaka. Kubaliana na mwenye duka kabla ya kulipa kwamba utaijaribu na kuirudisha ikishindwa, na asipokubali usinunue kwake. Ukifika nyumbani ijaribu kwa H2testw, programu ndogo ya bure iliyotolewa na jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Huijaza diski kwa data inayoijua, kisha huisoma yote na kulinganisha. Diski ya terabaiti 2 inayoandika megabaiti 30 kwa sekunde itahitaji zaidi ya saa 18 kwa kuandika tu, na kusoma ni juu ya hapo. Iache ifanye kazi usiku na mchana. Usiweke picha ya mtu yeyote humo kabla jaribio halijaisha.

Jambo ninalotaka ulizingatie zaidi ya yote katika barua hii ni namna ya kuhakikisha nakala kabla ya kufuta. Wengi wetu tumefundishwa kulinganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, na ni jambo zuri, lakini wewe ungelifanya hilo na diski yako ingelifaulu, kwa sababu idadi na ukubwa husomwa kwenye jedwali la majina. Hata kufungua picha mara tu baada ya kunakili hakutoshi, kwa kuwa Windows huenda ikakuonyesha iliyobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta bila kuigusa diski. Kwa hivyo nakili, usikate na kubandika. Itoe diski kwa utaratibu, uichomoe, uizime laptopu na kuiwasha tena, uichomeke upya, kisha ulinganishe yaliyomo, faili kwa faili. FreeFileSync, ambayo nayo ni ya bure, ina chaguo la kulinganisha kwa yaliyomo badala ya tarehe na ukubwa. Hukawia, lakini husoma kila baiti pande zote mbili, na folda ikitofautiana kwa picha moja tu itakuonyesha jina la picha hiyo. Folda ambayo haijapita hapo usiifute kwenye laptopu wala kwenye kadi, hata mama mwenye harusi mpya awe amekaa mlangoni anakusubiri.

Nakala moja kwenye diski moja, hata iwe nzuri namna gani, bado ni picha iliyo mahali pamoja. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ya nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikiwa nje ya nyumba. Kwako wewe hiyo inaweza kuwa laptopu, diski ya Wete, na diski ya pili inayokaa kwa dada yako au mama yako mdogo huko Chake Chake, ikifungwa kwa nywila kwa programu kama VeraCrypt ili ikiibiwa isifunguke. Kupakia kila kitu kwenye intaneti sikushauri. Gigabaiti 200 kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde ni karibu siku 4 bila kusimama, na juu ya gharama hiyo liko suala la picha zile kukaa mahali ambapo wenyewe hawakuulizwa.

Yule mama umweleze ukweli wiki hii, wala usingoje mpaka ujue mwisho wa uokoaji. Mwambie kilichotokea, mwambie kwamba kadi zinatafutwa na kwamba hakuna mwanamme aliyezishika. Muulize pia kama biharusi anazo picha ulizowahi kumtumia kwa WhatsApp. WhatsApp huzipunguza picha inapozituma kwa njia ya kawaida, lakini zinatosha kuchapishwa kwa ukubwa wa kadi ya posta, na kama ulizituma kama nyaraka zitakuwa na ubora wake wote. Na kama alikwisha kuchapishiwa albamu, waliochapisha huenda bado wana faili.

Diski ya zamani, ukishatoa kila kilicho kizima na ukakihakiki kwenye diski mpya, usiirudishe dukani ikiwa na picha, wala usidhani kuifomati kumezifuta. Futa folda zote, kisha endesha H2testw juu yake, uielekeze iandike gigabaiti 150 tu, ambazo kwenye sehemu yake zinaandikwa kama megabaiti 150,000. Kwa kazi hiyo itakuwa imeandika juu ya karibu kila sehemu ya chipu zilipokuwa picha za watu, na mwisho wake itatoa ripoti ya ni kiasi gani cha data kimepotea. Ripoti hiyo inakiliwe na kuchapishwa, uende nayo dukani pamoja na diski na risiti yako, udai fedha zako.